Namna ya kuonja Bai Mudan, chai nyeupe ya Kichina inayonukia maua

Watu wengi wakionja Bai Mudan mara ya kwanza husema haina ladha. Wamezoea chai iliyokolea, ya maziwa na tangawizi, ambayo harufu yake inakupokea mlangoni. Bai Mudan haiji hivyo. Harufu yake ya maua ipo, na chai ikiwa nzuri ni nyingi, ila haikai pale tulipozoea kuitafuta. Utaikuta chini ya kifuniko, ndani ya kikombe kilichokwisha kunywewa, na puani baada ya kumeza. Ulimi peke yake utakuambia ni maji ya moto yenye utamu kidogo. Ndiyo maana katika mwongozo huu pua inatangulia karibu kila hatua.

Unachokunywa ni nini

Bai Mudan hutoka jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China. Maeneo yanayosifika ni mawili: Fuding, karibu na bahari, penye mlima Taimu, na Zhenghe, bara zaidi, milimani. Kuanzia mwishoni mwa Machi na kuingia Aprili, wachumaji hukata chipukizi moja pamoja na jani moja au mawili yaliyo chini yake. Chipukizi likichumwa peke yake, bila jani, chai hiyo ni Baihao Yinzhen, na bei yake hupanda sana. Majani yakiwa makubwa na machipukizi yakiwa machache au hayapo, hiyo ni Shoumei. Bai Mudan iko katikati, na kwa anayetafuta maua mimi naiona inazishinda zote mbili. Chipukizi huleta ulaini na utamu, jani huleta harufu. Yinzhen ni tulivu mno kwa anayeanza, na Shoumei huelekea zaidi kwenye majani makavu na asali.

Chai tunayoijua, ya Kericho, Mufindi au Rungwe, hunyaushwa kisha hukatwakatwa na mashine ili ichachuke haraka na kutoa rangi. Chai ya kijani hukaangwa au kupigwa mvuke mapema ili ibaki kijani. Bai Mudan haipitii huko kote. Hutandazwa kwenye nyungo za mianzi, nje juani au ndani ya chumba chenye hewa, ikaachwa inyauke kwa siku mbili hivi, wakati mwingine hadi tatu, halafu ikakaushwa kwa moto mdogo. Hakuna kusokota wala kukaanga.

Kunyauka huko kwa muda mrefu ndiko kunakoleta maua. Jani bichi la chai lina kemikali za harufu zilizofungwa pamoja na sukari, hivyo ukilinusa shambani husikii kitu zaidi ya ubichi. Linaponyauka, vimeng'enya vyake huzikata zile kamba na harufu ikaachiliwa. Mojawapo ni linaloli, ileile iliyomo kwenye asumini, mrehani na mbegu za giligilani. Nyingine ni geranioli, ya waridi. Kwa hiyo pua yako ikikuambia "asumini" juu ya kikombe hiki, haijakudanganya. Imekutana na kitu kilekile mahali pengine.

Hapo hapo tuondoe mkanganyiko mmoja. Ndani ya Bai Mudan hamna ua lolote lililochanganywa. Kuna chai nyingine ya Kichina, ya asumini, inayotengenezwa sana katika mji wa Fuzhou, huko huko Fujian: majani makavu huwekwa pamoja na maua ya asumini yanayofunguka usiku, yakanyonya harufu, maua yakaondolewa, kazi ikarudiwa tena na tena kwa maua mapya. Ni chai ya heshima na ufundi mkubwa, lakini harufu yake imetoka nje ya jani. Ya Bai Mudan imetoka ndani. Ukinunua chai nyeupe na pakiti ikafumuka manukato makali kama duka la marashi, jua ama ni ya asumini, ama imenyunyiziwa mafuta ya harufu. Ya mafuta hujulikana haraka: maji ya kwanza yananukia sana, ya tatu hayana kitu.

Kununua

Pakiti nzuri itakutajia mambo matatu: mahali ilikotoka, mwaka na msimu wa kuchumwa, na daraja. Iliyoandikwa "chai nyeupe" tu, bila mahali wala mwaka, iache. Ya vifuko vya karatasi nayo iache kwa kazi hii, kwa sababu majani yake yamevunjwa na harufu nyingi imeshapotea.

Kuhusu umri, nina msimamo. Wauzaji wa chai nyeupe China wana msemo kwamba mwaka wa kwanza ni chai, wa tatu ni dawa, wa saba ni hazina. Msemo huo umewafanya watu wengi walipe fedha nyingi kwa keki za chai kuukuu, zile zilizogandamizwa. Chai nyeupe iliyozeeshwa vizuri ina utamu wake, sikatai. Lakini harufu yake huhama kutoka kwenye maua kwenda kwenye tende, asali na mitishamba. Kama unachotafuta ni maua, nunua ya mwaka huu au ya mwaka jana, iliyo huru, isiyogandamizwa. Na hilo neno "dawa" usilibebe kichwani. Kunywa chai kama chai, na ukiumwa nenda hospitali.

Gramu 25 au 50 zinatosha kuanzia. Ukifika nyumbani, mimina kidogo kwenye sahani nyeupe uitazame mchana, karibu na dirisha. Chagua kipande kimoja kizima ukishike kwa kikonyo. Utaona chipukizi nene lenye malaika meupe, vile vinywele laini, na jani limelikumbatia pande mbili. Juu jani lina kijani kilichopauka kuelekea kijivu, chini yake ni jeupe kwa malaika hayohayo. Rangi mchanganyiko ni ya kawaida: kijani, kijivu, hudhurungi kidogo kwenye kingo. Wasiwasi uanze ukiona weusi mwingi, maana yake ilikawia kukauka na huenda ilipata unyevu. Wekundu uliotapakaa maana yake majani yaliminywa yakaumia kabla ya kukauka. Na kijani kikali kama cha mchicha uliokaushwa kinaonyesha ilinyaushwa kwa haraka. Hiyo itanukia nyasi mbichi, na maua hutayapata.

Maji

Hapa ndipo chai nyingi nzuri zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tazama sakafu ya birika lako. Kama kuna ukoko mweupe, maji yako yana chokaa, na chokaa huifanya harufu ya chai hii ifubae. Visima vingi vya pwani viko hivyo kwa sababu ardhi ni ya mawe ya matumbawe, na vingine vina chumvi kabisa. Tumia maji ya chupa yenye madini kidogo (soma lebo, linganisha chapa mbili tatu), au maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchujwa. Maji ya bomba yenye harufu ya klorini yaache kwenye chombo kilicho wazi usiku kucha kabla ya kuyachemsha.

Kisha kuna joto. Bai Mudan inapenda maji ya nyuzi 90 hivi. Chini ya 80 harufu haipandi vizuri. Maji yanayotokota kabisa hayaiunguzi chai kama baadhi ya watu wanavyosema, ila huvuta uchungu mapema kabla hujakutana na maua. Na kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine haikuambii: maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Kila unapopanda mita 300 hivi, huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja yanachemka kwa 100. Kampala ni 96 hivi. Arusha na Kigali, 95. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, yanachemka kwa 94. Aliye Nairobi basi asisubiri sana: maji yakichemka, ahesabu nusu dakika amimine. Aliye pwani afungue kifuniko cha birika angoje dakika mbili au tatu, au amimine maji kwenye jagi baridi la kauri kisha kutoka hapo kwenye chai. Kumimina huko mara moja tu hushusha nyuzi kadhaa. Kipimajoto ni kizuri ukiwa nacho, lakini si lazima.

Vyombo na mahali

Wachina hutumia gaiwan, kikombe cha kauri kisicho na mkono, chenye kifuniko na kisahani, cha mililita 100 hadi 120. Ukiipata, inunue ya kauri nyeupe na nyembamba. Usipoipata, bakuli dogo la kauri na kisahani kinacholifunika vizuri vitafanya kazi ileile. Kauri haikumbuki harufu ya jana, na kifuniko ndicho kifaa chako kikuu cha kunusia. Vikombe vya kunywea, chukua finjani za kahawa za pwani: ni ndogo, za kauri, midomo yake ni myembamba. Ziwe zimeoshwa zisinukie kahawa wala sabuni. Ongeza jagi dogo la kioo la kumiminia chai ili isiendelee kukolea juu ya majani, na mizani ndogo ya jikoni ya kupima gramu.

Mizani ina sababu. Majani haya ni mepesi na yana nafasi nyingi katikati, kwa hiyo kijiko cha chai hakikuambii lolote. Gramu nne zinaweza kuijaza gaiwan hadi juu ukadhani umezidisha. Hujazidisha.

Usionje siku nyumba imefukizwa udi, wala vitunguu vikiwa vinakaangwa jikoni. Usijipulizie marashi. Mdomo uwe mtupu, bila pilipili wala dawa ya meno katika saa iliyopita. Asubuhi baada ya kifungua kinywa chepesi ni wakati mzuri, na pua za watu wengi huwa bado hazijachoka.

Hatua ya 1: pasha vyombo moto

Mimina maji ya moto ndani ya gaiwan, funika, acha kidogo, kisha yahamishie kwenye jagi na finjani. Yamwage. Chombo baridi hunyang'anya maji joto lake, na harufu haitoki.

Hatua ya 2: nusa majani makavu kwenye chombo cha moto

Haraka, gaiwan ikiwa bado moto na karibu kavu, tia gramu nne za majani. Funika. Tikisa taratibu mara mbili tatu, ngoja sekunde kumi. Sasa inua kifuniko upande mmoja tu, ingiza pua, vuta pumzi fupi. Wengi wanaposoma "nusa" huvuta pumzi ndefu kwa nguvu. Pumzi ndefu huichosha pua. Vuta fupi fupi, mbili tatu, halafu ondoa uso upumue hewa ya kawaida.

Harufu hii ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko zote za kavu. Utasikia nyasi kavu, unga kidogo, na nyuma yake utamu wa maua. Ukisikia moshi au kuungua, chai ilikaushwa kwa moto mkali. Ukisikia uchachu, majani yalirundikwa mabichi. Ukisikia kabati lenye ukungu, imehifadhiwa vibaya, na hakuna namna ya kumimina itakayoiokoa.

Hatua ya 3: maji ya kwanza

Mimina maji taratibu ukizunguka kwenye ukingo, usipige majani katikati. Jaza, funika, hesabu sekunde 30. Majani haya hayakusokotwa wala kukatwa, kwa hiyo yanatoa ladha polepole, na mkupuo wa kwanza (yaani kutia maji na kuyamimina mara moja) ukiufupisha sana utapata maji tu. Hakuna haja ya kuyaosha kwanza. Ukimwaga maji ya kwanza ya Bai Mudan mpya, umemwaga maua.

Miminia yote kwenye jagi, usiache maji ndani ya gaiwan.

Hatua ya 4: kifuniko

Kabla hujagusa finjani, geuza kifuniko. Ndani yake kuna matone ya mvuke yaliyotua. Kilete chini ya pua kikiwa bado cha moto na unuse. Hapa ndipo mtu anayesema chai hii haina kitu hunyamaza, maana mvuke uliokusanyika hapo umebeba harufu zilizo nyepesi kuliko zote, zile zinazoruka kwanza. Nusa, subiri kifuniko kipoe nusu dakika, nusa tena. Mara ya kwanza mara nyingi ni maua meupe. Kikipoa, asali hutokeza.

Kutaja ulichosikia ni nusu ya kazi. Usikimbilie maneno ya wengine, tafuta harufu unazozijua kwa mwili wako. Aliyelelewa pwani ana hazina hapa: asumini, langilangi, kilua na mrehani vimepita puani mwake tangu akiwa mtoto, kwenye vikuba na harusini, na anaweza kutofautisha asumini ya jioni na ile iliyolala usiku kucha kwenye nywele. Aliyekulia Kilimanjaro, Kagera au Kiambu ameshasikia mibuni ikichanua, harufu iliyo jirani kabisa na asumini. Ua la mchungwa, ua la mlimau, waridi. Kisha visivyo maua: tango lililokatwa sasa hivi, tikiti, nyasi zilizokauka juani, maharage mabichi, asali ya nyuki wadogo. Andika maneno mawili au matatu tu kwa kila mkupuo. Maneno kumi kwa kikombe kimoja ni ya kubahatisha.

Hatua ya 5: kunywa

Mimina finjani nusu. Itazame kwenye mwanga: rangi inapaswa kuwa ya manjano iliyofifia, safi. Ukiona vinywele vidogo vinaelea na kumetameta, hayo ni malaika ya chipukizi, na ni ishara njema. Usiyachuje kwa chujio la kitambaa.

Ngoja ipoe kidogo. Chai ya moto sana inafunga ulimi. Kisha vuta fundo dogo pamoja na hewa, kwa sauti, hadi chai itawanyike mdomo mzima. Najua nyumbani tulikatazwa kufyonza hivyo mbele ya watu, lakini waonjaji wa kazi, wakiwemo wa mnada wa chai wa Mombasa, hufanya hivyo kikombe baada ya kikombe, kwa sababu hewa ndiyo inayoipandisha harufu. Izungushe mdomoni, meza, funga mdomo, halafu toa pumzi taratibu kwa pua.

Pumzi hiyo ya kutoka ndiyo kiini cha mwongozo huu wote. Harufu hupanda kutoka kooni hadi puani kwa njia ya nyuma, na maua ambayo hukuyasikia ulimini yanatokea hapo. Wengine huyapata siku ya kwanza, wengine inawachukua muda. Ukiona hupati, bana pua kwa vidole ukinywa, meza, kisha achia pua ukitoa pumzi. Tofauti itakushtua.

Baada ya harufu, angalia mambo mawili. La kwanza ni ukakasi: je, ulimi na fizi zimekauka kama umekula bibo? Kidogo ni sawa, hupita. Ukibaki na kukaza mdomo, maji yalikuwa ya moto mno au muda ulizidi. La pili ni utamu unaokuja nyuma, kooni, sekunde chache baada ya kumeza. Bai Mudan nzuri inaacha utamu huo ukae.

Hatua ya 6: finjani tupu

Usiirudishe mezani. Ishike mkononi ipate kupoa, kisha nusa ndani yake. Chai iliyobaki kama utando mwembamba hukauka na kuacha harufu nzito zaidi, ya asali au sukari guru. Mimi huipima chai kwa finjani tupu kuliko kwa kitu kingine chochote. Chai ya kawaida huacha finjani inayonukia kauri. Chai nzuri huacha harufu inayodumu dakika kadhaa.

Hatua ya 7: mikupuo inayofuata

Mkupuo wa pili uwe sekunde 20, kwa sababu majani sasa yamelowa na kufunguka. Wa tatu 30, wa nne 45, wa tano dakika moja, wa sita dakika mbili au zaidi. Kila mara rudia kifuniko, pumzi, finjani tupu. Kwa kawaida maua huwa juu katika mkupuo wa kwanza hadi wa tatu, kisha hupisha tikiti, asali na nyasi kavu. Mwishoni inabaki tamu na laini, yenye harufu ya miti. Ikiwa ladha ilikwisha kwenye mkupuo wa tatu, ama majani yalikuwa machache, ama chai ni dhaifu.

Ukibahatika kuwa na za sehemu zote mbili, zionje pamoja, gaiwan kwa gaiwan. Ya Fuding kwa kawaida ni nyepesi, changa, yenye malaika mengi na ladha safi. Ya Zhenghe ina rangi iliyokolea zaidi, imejaa mdomoni, na maua yake yanasikika waziwazi zaidi. Anayesema hasikii maua kwenye ya Fuding aanze na ya Zhenghe.

Hatua ya 8: majani yaliyolowa

Yamwage kwenye sahani nyeupe uyatandaze kwa kidole. Tafuta vile vipande vizima, chipukizi na majani yake bado yameshikana kwenye kikonyo. Jani liwe laini, linaloweza kukunjwa bila kukatika, la kijani cha zeituni lenye mishipa myekundu kidogo. Majani magumu yasiyofunguka yalikaushwa kwa moto mwingi. Vipande vidogo vidogo visivyo na umbo vinakuambia ulinunua mabaki.

Njia nyingine, kwa ufupi

Ukitaka kujua kasoro za chai, fanya kama wakaguzi wa China: gramu 3, maji yanayochemka mililita 150, dakika 5. Itakuwa kali na haina huruma, na kila kosa la mtengenezaji litajitokeza. Ni njia ya kuchagua chai dukani, si ya kustarehe.

Kwa siku ya kazi, gramu 2 au 3 kwenye bilauri kubwa, maji ya nyuzi 85, ngoja dakika nne, kunywa, ongeza maji ikibaki theluthi.

Na kwa joto la Dar au Mombasa mwezi wa Februari, hakuna inayoishinda njia ya baridi. Gramu 5 kwenye nusu lita ya maji safi ya baridi, chupa ifungwe, ikae kwenye friji saa sita hadi nane. Maji baridi hayavuti uchungu wala ukakasi mwingi, kwa hiyo maua na utamu vinabaki peke yao. Mgeni ambaye hapendi chai ya moto mpe hii kwanza.

Sukari na maziwa? Vinafunika kile ulichokilipia. Weka chai yako ya maziwa kwa saa nyingine, na hii inywe tupu. Andazi au pilau navyo havifai kando yake. Kipande cha mkate mtupu kinatosha kusafisha mdomo kati ya chai mbili.

Usidanganywe na rangi hafifu ukadhani haina kafeini. Machipukizi yana kafeini ya kutosha, na anayekosa usingizi aache kuinywa alasiri. Wenye upungufu wa damu na wajawazito wasiinywe pamoja na chakula, kwa kuwa chai yoyote ya namna hii hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye mlo.

Ukitaka kulinganisha na ya nyumbani

Baadhi ya wazalishaji wa nyanda za juu za Kenya nao hutengeneza chai nyeupe, kwa machipukizi ya michai ya huko. Inafaa kuionja kando ya Bai Mudan kwa kipimo kilekile cha gramu na maji. Michai mingi ya Afrika Mashariki ni ya jamii ya Assam, yenye majani makubwa na nguvu zaidi, wakati ya Fujian ni ya jamii ya Kichina. Utakutana na uzito zaidi mdomoni na harufu zaidi ya matunda, maua machache. Ni chai nyingine, ionje kwa haki yake.

Kuhifadhi

Chai hii inanyonya harufu upesi kama ilivyotoa yake. Usiiweke kabati moja na iliki, karafuu, dagaa au sabuni. Iache kwenye mfuko wake wa karatasi ya alumini, utoe hewa, ufunge, kisha uutie ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kinachobana. Mtungi wa kioo unapendeza mezani, lakini mwanga unaiharibu. Pwani, adui mkubwa ni unyevu: gawanya chai kwenye vifuko vidogo ili usifungue akiba yote kila siku, na usifungue siku ya mvua. Friji itumie tu ikiwa mfuko umefungwa kabisa, na ukiutoa uache upate joto la chumba kabla ya kuufungua, la sivyo unyevu utatua juu ya majani. Vumbi na vipande vitakavyobaki chini ya mfuko usivitie kwenye gaiwan. Vitie kwenye chupa ya maji baridi, uchuje asubuhi.